Somo la Kumlisha Mtoto: Wakati Wake na Namna Yake

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, amwekeaye mtoto riziki yake kifuani mwa mama yake kabla hajaijua njaa. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo: tumeletewa suali na ndugu yetu mmoja akaaye Ipuli, katika mji wa Tabora. Wazee wake walikuwa watu wa pwani waliopanda bara kwa njia ile kongwe ya misafara, na yeye amezaliwa huko huko. Tumeona kuwa suali lake lina manufaa hata kwetu sisi tuliobaki pwani, kwani aliyoyataja yako Lamu na Mombasa na Tanga na Unguja kama yalivyo Unyanyembe.

SUALI. Mke wangu alijifungua mtoto wa kiume, na sasa mtoto ametimiza miezi mitano. Mama mkwe ataka aanze kupewa uji wenye asali, kwani alia usiku, na asema ziwa halimtoshi. Muuguzi wa kliniki ametuambia tungoje. Jirani yetu alingoja mpaka mwezi wa kumi, na mwanawe amekonda, na watu wasema kuwa wazazi wake wamembemenda. Mimi nimesimama katikati, sijui nishike lipi. Na wengine waniambia haya ni mambo ya wanawake, mume hayamhusu. Je, sharia yasemaje, na matabibu wasemaje?

JAWABU. Ndugu yetu, Mungu akukuzie mwanao. Suali lako ni moja kwa kulitazama, lakini ndani yake mna mas-ala sita, nasi tutayajibu moja baada ya moja.

MAS-ALA YA KWANZA: Kuwa jambo hili lamhusu mume

Waliokuambia kuwa hayakuhusu wamekosa. Fungua Sura ya pili, aya ya 233, uitazame kwa makini. Humo Mwenyezi Mungu ametaja kunyonyesha kwa miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza. Kisha akamtwika baba chakula na nguo za mama kwa kadiri ya uwezo wake. Kisha akasema ya kuwa wakitaka kumwachisha mtoto kabla ya muda huo, kwa kuridhiana wawili na kushauriana, si vibaya kwao. Basi mashauri hayo ni baina ya nani na nani? Ni baina ya mke na mume. Na mtu hawezi kushauriwa katika jambo asilolijua. Mwenye kukaa barazani akasema, "Mwamuulizani mimi? Waulizeni wanawake," ameiacha nafasi aliyopewa na Mola wake, na nafasi hiyo haibaki tupu, huijaza jirani, na muuza dawa, na kila apitaye.

MAS-ALA YA PILI: Kuwa kulisha si kulikiza

Watu wengi huyachanganya mambo haya mawili. Kulikiza ni kumwachisha mtoto ziwa, na hilo ndilo lililotajiwa miaka miwili. Kulisha ni kumwongezea chakula hali angali akinyonya. Mtoto aanzaye kula hapungukiwi na haki yake ya ziwa. Chakula huja kulisaidia ziwa, hakiji kuliondoa.

Na sharia yenyewe imeutambua mpaka huu. Kila mtu wa madhehebu yetu ya Imam Shafii aliyesoma mlango wa tohara aijua hukumu ya mkojo wa mtoto wa kiume asiyetimiza miaka miwili, naye hajala chakula kwa kujilisha isipokuwa maziwa: yatosha kunyunyiziwa maji mahali pale mpaka pakaenea. Asili yake ni hadithi ya Ummu Qais binti Mihsan, aliyempeleka mwanawe mchanga kwa Mtume, s.a.w., naye akamkojolea nguoni, Mtume akataka maji akanyunyiza. Akisha kula chakula, hukumu hugeuka, hapana budi kuosha. Tazama basi: twaijua siku ile kwa ajili ya nguo zetu tunazoswalia, na twaghafilika nayo kwa ajili ya tumbo la mtoto mwenyewe!

MAS-ALA YA TATU: Wakati wenyewe

Matabibu wa leo wamekubaliana ya kuwa mtoto apewe ziwa peke yake, pasipo hata maji, mpaka atimize miezi sita, yaani kiasi cha siku 180. Kisha aanze kula, hali akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi. Na hili si geni kwa wanazuoni wetu. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, katika kitabu chake cha hukumu za mtoto aliyezaliwa, Tuhfatul Maudud, alifundisha kuwa mtoto aachiwe maziwa peke yake mpaka meno yaote, kwani tumbo lake ni dhaifu haliwezi chakula. Kisha apandishwe daraja kwa daraja. Na meno ya kwanza kwa watoto wengi huota karibu na mwezi wa sita. Lakini kwa kuwa meno ya wengine hukawia na ya wengine huwahi, hesabu ya miezi ni imara zaidi kuliko kuchungulia ufizi.

Huenda mama mkwe akasema, "Mimi nimelea saba, na wote nililisha mwezi wa nne, tena kwa maneno ya kliniki." Usimkadhibishe, kwani asema kweli. Zamani matabibu wenyewe walitaja kati ya mwezi wa nne na wa sita. Ilikuwa mwaka 2001 ndipo Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Ulimwenguni ulipoithibitisha miezi sita, baada ya kupimwa khabari za watoto wa nchi nyingi. Basi mwambie kwa adabu: "Mama, ulifuata ilimu ya siku zako, nasi tuache tufuate ya siku zetu."

Kwa nini si kabla? Kwa sababu alishwaye mapema hulipunguza ziwa, na ziwa lisilonyonywa hupungua kuja. Na kila kijiko na kila maji ni mlango wa kuingilia uchafu, na mtoto mchanga kuharisha siku mbili ni khatari ya roho. Na kwa nini si baadaye? Kwa sababu mtoto huzaliwa na akiba ya madini ya chuma mwilini, nayo ndiyo itengenezayo damu. Akiba hiyo hupungua sana ifikapo miezi sita, na maziwa ya mama hayana ya kutosha kuirudisha. Mtoto wa jirani yako aliyekaa mpaka mwezi wa kumi kwa ziwa tupu amekonda kwa hilo kwanza, kabla hatujatafuta sababu nyingine. Kuwahi kuna madhara, na kukawia kuna madhara.

Na pamoja na miezi mna alama: mtoto aweza kuisimamisha shingo yake, akiegemezwa aweza kuketi, akionyeshwa kijiko hufunua kinywa, na akitiwa chakula hakisukumi nje kwa ulimi kama afanyavyo mchanga.

Ama kilio cha usiku, peke yake si alama. Mtoto hulia kwa njaa, na kwa joto, na kwa usingizi, na kwa kutaka kushikwa. Ukitaka kujua kama ziwa lamtosha, tazama mambo mawili: mstari wa uzito wake katika kadi ya kliniki, kama wapanda, na nepi zake, kama hulowa mara sita au zaidi kwa mchana na usiku. Yakiwa hayo yako, mtoto ashiba. Mama yake na anyonyeshe kila atakapo mwana, usiku na mchana. Yasipokuwapo, mpelekeni kwa tabibu, wala msimtibu kwa uji.

MAS-ALA YA NNE: Asali na tende

Hapa, ndugu yetu wa Ipuli, twakuomba usimame kidogo, kwani nchi yenu ni nchi ya asali. Misitu ya miombo iliyouzunguka mji wenu imejaa mizinga, na asali ya Tabora yajulikana mpaka huku pwani. Nasi hatukani neno la Mwenyezi Mungu katika Sura ya nyuki, ya kuwa mna ponya ndani yake kwa watu. Lakini dawa ina kadiri yake na wakati wake, na mwenye kuila. Asali yaweza kuwa na mbegu ndogo mno za kijidudu kinachokaa udongoni. Mtu mzima hazimdhuru. Bali utumbo wa mtoto asiyetimiza mwaka hauna nguvu ya kuzizuia, zikaota humo zikatoa sumu ilegezayo mishipa: mtoto hufunga choo, sauti ya kilio hufifia, shingo hulegea, kisha pumzi humshinda. Na mbegu hizo hazifi kwa moto wa jikoni. Kuitia asali ndani ya uji unaochemka si salama. Basi hukumu ya matabibu ni moja: asali haramishwe kinywani mwa mtoto mpaka atimize miezi kumi na miwili, si katika uji, wala katika chuchu, wala kupakwa ufizi. Na kanuni ya sharia ni kuwa hapana kudhuru wala kudhuriana.

Utasema: na tahniki je? Jawabu: kumgusisha mtoto aliyezaliwa utamu wa tende kaakaani ni sunna iliyopokewa, na hiyo ni baraka, si kulisha, ndiyo maana wanazuoni wetu hawakuihesabu kuwa chakula katika ile hukumu ya mkojo. Yatosha mguso mwepesi wa tende iliyolainishwa mpaka haina kipande, kwa mtu mzima wa afya aliyeosha mikono. Na ikikosekana tende, asali isishike mahali pake.

MAS-ALA YA TANO: Namna ya kulisha

Anza kwa vijiko viwili au vitatu, mara mbili kwa siku, baada ya kunyonya. Kisha ongeza kidogo kidogo. Kutoka miezi sita mpaka minane: mara mbili au tatu kwa siku, mpaka afikie nusu kikombe, nacho ni kikombe cha robo lita. Kutoka miezi tisa mpaka kumi na moja: nusu kikombe, mara tatu au nne. Akitimiza mwaka: robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima, mara tatu au nne, na baina ya hizo kitu kidogo kama embe au ndizi mara moja au mbili.

Sasa fahamu kosa lililo kubwa kuliko yote, nalo ni uji mwepesi. Tumbo la mtoto wa miezi minane halipiti kikombe kimoja. Ukilijaza maji yaliyotiwa unga, atashiba maji, alale, na mwili usipate kitu. Uji wa mtoto uwe mzito hata ukiinamisha kijiko usimwagike upesi. Na wazee wa bara wana hekima hapa: kimea. Ulezi huloweshwa, ukaachwa uchipue siku mbili tatu, ukaanikwa, ukapukuswa machipukizi, ukasagwa. Kijiko kimoja cha unga huo kikikorogwa katika uji mzito ulio moto, huulegeza mara moja pasipo kuongezwa maji; kisha urudishwe motoni uchemke tena. Mtoto huunywa kwa urahisi na nguvu zote zimo ndani. Wataalamu wa chakula wa Tanzania waliichunguza dasturi hii katika miaka ya 1980 wakaiona ni ya kweli, wakaifundisha.

Na uji peke yake, hata ukiwa mzito, hautoshi. Kila siku mtoto apate vitu vya namna mbalimbali, navyo Tabora vipo. Nafaka: mahindi, mtama, uwele, mchele. Mizizi: kiazi kitamu na muhogo, vilivyopondwa. Jamii ya kunde: maharage na kunde, vilivyopikwa vikalainika vikachujwa maganda, na karanga zilizosagwa laini, si nzima, kwani karanga nzima humkaba mtoto akafa. Cha mnyama: yai lililoiva, maini, nyama iliyokatwakatwa, samaki asiye na mwiba, na dagaa wa Kigoma wafikao mjini kwenu kwa gari la moshi, wakiisha kuoshwa mchanga na kukaushwa na kutwangwa, kijiko kimoja katika uji ni hazina. Na hiki cha mnyama ndicho kirudishacho ile akiba ya chuma. Mboga za majani zilizopondwa, na tone la mafuta. Matunda: papai, na maembe ya ile miembe mikongwe yenu.

Ama ule unga uchanganywao kila kitu ndani yake, nafaka na karanga na soya, ukawekwa mwezi mzima: karanga humo huharibika upesi. Ni afadhali unga ukae peke yake, na karanga ziongezwe siku ya kupika. Na nafaka au karanga yenye ukungu isiliwe hata kidogo, wala asisagiwe mtoto kwa kuona hasara. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumu ya ukungu iliyokuwamo katika mahindi.

Na adabu za kulisha ni hizi. Mlishaji aoshe mikono kwa sabuni, na ya mtoto pia. Maji yachemshwe. Chakula cha jana kisiwe cha leo. Kitumike kikombe na kijiko, si chupa ya chuchu, ambayo ni ngumu kuisafisha. Chai asipewe, kwani huizuia ile chuma isiingie mwilini. Chumvi na sukari ziachwe. Wala asilishwe kwa nguvu, kwa kubanwa pua na kunyweshwa kwa kiganja, kwani uji huingia njia ya pumzi. Keti naye, umtazame usoni, umsemeze; akigeuza kichwa, ngoja. Kitu kipya akikikataa leo, mpe tena kesho na kesho kutwa. Akiugua, asikatwe ziwa wala chakula. Na akipona, aongezewe mlo mmoja kila siku mpaka mwili urudi.

MAS-ALA YA SITA: Khabari ya kubemenda

Limebaki neno zito. Watu husema ya kuwa mke na mume wakikutana hali mtoto anyonya, au mmoja wao akienda nje ya ndoa, mtoto hubemendwa: hudhoofika, akavimba miguu, akachelewa kutembea. Matokeo yake twayaona. Mtoto akikonda, wazazi huona haya kumpeleka kliniki, wasije wakasemwa. Mume humtuhumu mke, na mke mume. Na mtoto katikati yao afa taratibu, hali tiba yake ilikuwa yai na kunde.

Basi sikiliza. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim, kutoka kwa Judama binti Wahb, ya kuwa Mtume, s.a.w., aliazimia kuikataza ghila, nayo ni mume kumwingilia mkewe anyonyeshaye; kisha akawakumbuka Warumi na Waajemi, ya kuwa wao hufanya hivyo wala watoto wao hawadhuriki, akaacha kukataza. Tazama namna alivyotufundisha: alikuwa na khofu juu ya watoto, akatazama mambo yalivyo kwa watu wengine, akaona khofu haina mashiko. Je, sisi tutashika khofu aliyoiacha yeye? Ama zina, ni haramu kubwa, na adhabu yake ni juu ya aliyeitenda. Lakini si maradhi ya kumwambukiza mtoto wake, wala mwenye kubeba habebi mzigo wa mwenziwe.

Kilichomo cha kweli katika maneno ya wazee ni hiki: mimba ikija upesi, mtoto wa kwanza huondoshwa ziwani kabla ya wakati, akapewa uji mwepesi, akadhoofika. Tabibu Cicely Williams, aliyefanya kazi Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, aliyaandika maradhi ya kuvimba kwa watoto katika mwaka 1933, na mwaka 1935 akayatangaza kwa jina lililotumiwa na wenyeji wa huko kwa lugha ya Kiga, kwashiorkor: ni maradhi ya mtoto aliyepinduliwa mahali pake na mdogo wake azaliwapo. Kosa basi si kitanda cha wazazi, bali ni sahani ya mtoto. Dawa yake ni kupanga nafasi baina ya mimba na mimba kwa mashauri ya mke na mume, na kumlisha vema yule aliyetangulia. Mwambie jirani yako ampeleke mwanawe kwa tabibu leo, si kesho, na wewe ufuatane naye, ili asiingie mlangoni peke yake mbele ya macho ya watu.

KHULASA, na yampasayo baba

Ndugu yetu, mngoje mwana atimize miezi sita. Umebaki mwezi mmoja tu. Mwezi huo usiupitishe bure. Mama anyonyeshaye ndiye jungu la mtoto: mwongezee chakula, mpunguzie kazi na kuni na maji. Ikiingia Ramadhani naye akakhofu kwa ajili ya mtoto, ana ruhusa ya kula. Atalipa siku zake, na katika madhehebu yetu atatoa fidia ya kibaba kwa kila siku, ikiwa khofu yake ilikuwa ya mtoto peke yake. Nunua mayai kabla ya kununua pipi. Kadi ya kliniki uisome wewe mwenyewe. Na mama mkwe usimtoe katika shauri. Mpe kazi ya kimea, kwani aijua kuliko wewe.

Maswali ya kujikumbusha, wasomeapo watu barazani:
1. Ni tofauti gani iliyo baina ya kulisha na kulikiza?
2. Kwa nini asiyelishwa baada ya miezi sita hupungukiwa na damu?
3. Asali ni dawa. Kwa nini hapewi mtoto asiyetimiza mwaka?
4. Uji mzito hulegezwa kwa nini pasipo maji?
5. Mtume, s.a.w., aliiacha kwa sababu gani azima ya kuikataza ghila?

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wachunga wema wa tuliochungishwa, kwani kila mmoja wetu ataulizwa. Wallahu aalam.